Tulivyomsahau Babu Makambako

Baba aliinunua kombi kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, na kwa miaka yote tuliyokuwa nayo haikuacha kunuka mafuta ya taa na sabuni ya kufulia. Juu ilikuwa na rangi ya maziwa, chini buluu iliyopauka. Mlango wake wa ubavuni ulimtii mtu aliyeuzoea tu: unauinua kidogo, unauvuta, halafu unausukuma taratibu. Tulikuwa tunakaa Soweto, Mbeya, katikati ya miaka ya sabini, na majirani walidhani baba ataifanya ya kubebea abiria. Yeye aliifanya ya kutembeza familia.

Baba alikuwa bwana afya. Kazi yake ilikuwa kukagua vyoo, visima na majiko ya watu, na aliamini mambo mawili bila kuyumba: hewa ya milimani na mlo kamili. Kila likizo ya Juni alitupakia, mimi na mdogo wangu wa kike, akatupeleka mahali ambapo tungepanda, tungevuka mto au tungelala ndani ya gari chini ya mwamba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilipewa daftari. Kila tulipokula hoteli ya mji mdogo, nilitakiwa kuandika tulichokula katika safu tatu: cha kujenga mwili, cha kulinda mwili, cha kutia nguvu. Daftari hilo ninalo hadi leo. Ndilo linalonisaidia kukumbuka safari ya mwaka ule tuliompeleka babu Iringa.

Babu, baba yake baba, alikuwa Mnyakyusa wa milima ya Rungwe. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, na la kulia, kwa maelezo yake mwenyewe, lilikuwa linaona dunia kama mtu anayetazama kupitia maziwa. Baba alimchukua akae nasi. Hapo ndipo taabu ya mama ilipoanza.

Kwa desturi ya kwao babu, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawaongei. Wakikutana njiani, mama huingia kando na kuinama, na mzee naye hugeuza uso na kusubiri. Ni heshima, na ni kazi ya watu wawili. Mama alikuwa Mhehe. Kwao heshima ya wakwe ipo, lakini si kwa ukali ule. Hata hivyo alipoolewa aliikubali desturi yote, na mama akikubali kitu hakifanyi nusu. Sasa babu alipoanza kupofuka, kazi yote ilimwangukia yeye. Mzee alikuwa anakuja moja kwa moja, fimbo mbele, akielekea pale pale mama aliposimama. Nimemwona mama akiruka kwenye tuta la viazi na sufuria ya uji mkononi. Nimemwona akijibanza kwenye stoo ya mkaa hadi babu amalize kuota jua.

Shoga yake wa nyumba ya pili alikuwa anamcheka. "Mzee mwenyewe haoni. Unamkimbia nini?"

"Yeye haoni," mama alisema. "Mimi naona."

Babu na mama walikuwa wanaongea kupitia kwangu. "Mwambie mama yako chumvi leo imependeza." "Mwambie babu yako kuna baridi, avae koti." Nilikuwa nachukua maneno kutoka jikoni kwenda barazani na kurudi, na nilijifunza kutopunguza wala kuongeza, kwa sababu wote wawili walikuwa wananiuliza, "Amesema hivyo hivyo?"

Mwezi Mei ilikuja barua ya mama mdogo, ambaye alikuwa muuguzi katika hospitali ya misheni Iringa. Daktari wa macho alikuwa anakuja. Angewapima wagonjwa Jumapili jioni, angewapasua Jumatatu, na Jumanne angeondoka. Hakuna aliyejua atarudi lini. Mara ya mwisho ilikuwa imepita miaka miwili. Mama mdogo aliandika kwamba kwa hali ya jicho la kulia, babu akisubiri tena, hakutakuwa na cha kupasua.

Baba alimsomea babu barua barazani. Babu akasema, "Basi twende. Nataka nione ninachokula. Nashuku bwana afya ananilisha majani."

Tatizo lilikuwa moja: kombi ina chumba kimoja. Mama alilitatua kwa cherehani. Alishona pazia zito la kitenge, likatundikwa kwenye waya nyuma ya viti vya mbele. Babu angekaa mbele na baba, mama angekaa nyuma nasi, na pazia katikati.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Baba alikuwa amepanga safari ya siku mbili, kwa sababu hakuwa mtu wa kupita mahali bila kushuka. Baada ya Uyole barabara inaanza kuteremka, na baridi ya Mbeya inakuachia kidogo kidogo hadi unavua sweta. Babu alikuwa anauliza kila baada ya muda, "Sasa tuko wapi?" na baba anamweleza: mpunga umeshavunwa, ng'ombe wako kwenye mabua, mlima uko kulia. Nyuma ya pazia mama alikuwa anatuonyesha mambo yale yale kwa kidole, bila sauti.

Kabla ya Chimala tulisimama kwa akina mama waliopanga vibuyu kando ya lami. Walikuwa watu wa familia za wafugaji zilizohamia Usangu kutoka kaskazini pamoja na ng'ombe wao, na maziwa yao ya mgando yalikuwa mazito, ya kukatwa kwa kijiko.

"Mwangaluka," mmoja alimsalimu babu dirishani kwa Kisukuma.

"Ndaga," babu alijibu kwa Kinyakyusa, akapokea kibuyu. Hakuna aliyeelewa salamu ya mwenzake, na wote wawili waliridhika. Tulikunywa na viazi vitamu vya baridi na parachichi kutoka Tukuyu ambalo mama alilikata kwa uzi. Niliandika: maziwa, kujenga, parachichi, kulinda. Baba akasahihisha: parachichi linatia nguvu pia. Babu akasema mbele huko, "Andika pia kwamba ni tamu, maana hilo hamna safu yake."

Mchana tuliacha lami na kuelekea maporomoko ya mto Kimani. Mahali gari liliposhindwa kupita tuliliacha kwenye uwanja wa mkulima mmoja, tukatembea. Mama alitangulia mbali, akiwa na kikapu, ili asiwe njiani. Babu alishika ncha moja ya fimbo na mimi nyingine. Alikuwa na miguu ya mtu wa milimani; mimi ndiye niliyekuwa nahema. Tulipofika alisimama na kuinamisha kichwa upande, akisikiliza maji yanavyoanguka.

"Ni marefu," alisema. "Yanaanza juu kule, yanagonga mwamba, halafu yanaanguka tena."

Yalikuwa hivyo kabisa. Mdogo wangu alimtazama kwa mashaka. "Babu, wewe unaona?"

"Ningekuwa naona ningekuacha wewe uongoze fimbo? Unanipeleka kwenye miiba kila zamu yako."

Baba alivua viatu. Siku zote alikuwa akifika penye maji anakuwa kijana. Aliruka jiwe la kwanza, la pili, akatugeukia ili atueleze jinsi maji yanayokimbia yanavyojisafisha, na mguu wake wa kulia ukateleza. Alikaa majini hadi kiunoni na uso wa mtu anayetaka kuendelea na somo.

Nilimsogeza babu kando, na mama, ambaye alikuwa mkunga wa kliniki, akaja akakibonyeza kifundo cha mguu, akakifunga kwa kipande cha khanga.

"Hujavunjika. Umeteguka."

"Kesho nitaendesha taratibu."

"Kwa mguu upi?"

Baba alitazama mguu. Ulikuwa unavimba mbele ya macho yetu.

Nadhani sote tulifikiri jambo lile lile, lakini babu ndiye aliyelisema, kwa sauti ya kutosha ili lifike nyuma ya kichaka alikoenda mama. "Nasikia mama yako alikuwa anaendesha landrova ya kliniki."

Ni kweli. Kabla ya kuolewa alikuwa anaendesha mwenyewe kwenda vijijini kuzalisha. Wanawake wanaoshika usukani walikuwa wachache, na tangu baba anunue kombi, usukani ulikuwa wa baba.

"Mwambie babu ndiyo," mama alisema kutoka kichakani.

"Mwambie basi kesho ni Jumapili," babu alisema.

Wote tulijua maana yake. Miaka ile, kwa sababu ya uhaba wa mafuta, magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Tukichelewa tungekamatwa njiani, tungelala hapo hadi Jumatatu, na daktari angekuwa ameshachagua watu wake.

Tulilala kwa yule mkulima, na asubuhi tulipanga upya. Mama mbele kwenye usukani, baba pembeni yake na mguu juu ya dashibodi, babu nyuma ya pazia na sisi. Baba alikigeuza kioo cha kutazamia nyuma kielekee darini. Kisha babu akaweka utaratibu wa kupanda gari. Yeye atapanda kwanza, mama akiwa mbali. Akishakaa, atagonga bodi ya gari kwa fimbo mara mbili. Ndipo mama atakuja. Ulikuwa utaratibu mzuri, nao ndio uliotuponza.

Mama aliendesha kombi kama anayeendelea na jambo aliloliacha jana. Baba alikuwa anakanyaga breki isiyokuwepo kwa mguu wa kushoto. Kwenye kupanda alisema, "Gia ya tatu," na mama akasema, "Nimeshaweka." Baada ya hapo baba alianza kupiga mluzi.

Tulifika Makambako saa nne, na njaa. Mji ulikuwa bado mdogo, wenye upepo mwingi, na stesheni ya reli iliyokuwa mpya. Hoteli tuliyoingia ilikuwa ya tofali za udongo, benchi mbili, jiko nyuma. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Kibena, mnene, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Tulikula uji wa ulezi, kisha ugali wa ulezi, maharage, na figiri iliyoungwa kwa karanga. Babu, baba na sisi tulikaa mbele. Mama alikula jikoni.

"Mboga hii imekaa motoni muda gani?" baba aliuliza.

"Bwana, umekuja kula au kukagua?"

"Ikikaa sana inapoteza nguvu."

"Basi kula haraka kabla haijapotea."

Babu alicheka hadi akakohoa. Mwenye hoteli akampenda hapo hapo na kumwongezea figiri bila kuulizwa.

Sasa nieleze jinsi ilivyotokea, hatua kwa hatua, maana kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake. Baba alitazama saa, akasema muda unakwenda, akaanza kuruka kwa mguu mmoja kuelekea garini. Akaniuliza, "Babu yuko wapi?" Nilimwona babu anashika fimbo na kuinuka, nikasema, "Anakuja." Kilikuwa kipande changu hicho. Kazi yangu ilikuwa kumshika fimbo hadi kitini, lakini nilikuwa nimeomba kukaa mbele, katikati ya baba na mama, nione barabara, na niliogopa mdogo wangu asiniwahi. Nikakimbia. Mwenye hoteli alitoka na bakuli akamkuta babu amesimama. "Mzee, huendi na hii imebaki," akamkalisha tena. Mdogo wangu, miaka sita, alipanda nyuma peke yake. Alikuwa na kikombe chake cha bati. Alikuwa amemsikia babu akigonga asubuhi, na aliona ndivyo gari linavyowashwa. Akagonga mara mbili.

Mama alitoka nyuma ya jiko, kichwa chini kama desturi inavyotaka, akaingia kwenye usukani, akaondoka. Hakutazama nyuma. Hakutakiwa kutazama nyuma.

Tulikuwa tumekwenda karibu nusu saa mama aliponiambia, "Muulize babu kama upepo haumpigi."

"Babu, mama anauliza kama upepo haukupigi."

Kimya.

"Amelala," baba alisema. "Ameshiba. Mwache."

Tulipita malori mawili ya mafuta yaliyokuwa yanapumua kwenye kilima. Mama akasema tena, polepole, "Hakohoi."

"Nani?"

"Baba. Tangu Makambako hajakohoa. Huwa anakohoa kwenye kila kona."

Nilifungua pazia. Mdogo wangu alikuwa amelala juu ya koti la babu, kikombe kifuani. Kiti cha pili kilikuwa kitupu.

Mama aliona uso wangu, akaegesha gari kando ya lami, na kwa mara ya kwanza katika safari ile akageuka na kutazama nyuma.

"Mmemwacha baba yangu Makambako," baba alisema, kama anayesoma ripoti.

Mdogo wangu aliamka. "Babu alikuwa bado anakula," alisema. Alikuwa na habari zote. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mama aligeuza kombi mahali ambapo nisingependa kuona mtu anageuza. Nilijua anafikiria nini, kwa sababu nami nilikuwa nafikiria hivyo: mzee asiyeona, mji asioujua, lugha isiyo yake, na jicho lililobaki ambalo leo jioni ndiyo siku yake. Ile heshima yote ya miaka, ya kuruka matuta na kujibanza kwenye mkaa, na ndiye aliyeendesha gari lililomwacha.

Tulimkuta babu amekaa kwenye benchi lile lile, lakini sasa alikuwa na watu. Mafundi wawili wa reli, muuza nyanya na mwenye hoteli mwenyewe walikuwa wamemzunguka. Mbele yake kulikuwa na bakuli jipya la togwa. Mwenye hoteli alisimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Mmesahau mzigo wenu," alisema. "Kidogo niufungue niutumie mwenyewe."

"Tunashukuru, dada," baba alisema.

"Usinishukuru. Amenisimulia kwamba mkamwana wake anaendesha gari. Hawa vijana wa reli wamebisha. Haya, waone sasa."

Mafundi wa reli walitoka kumtazama mama kupitia dirisha la gari. Mama aliangalia mbele.

Nilimshika babu fimbo. "Babu, samahani. Ni mimi."

"Mwambie mama yako," alisema kwa sauti, ili wote wasikie, "gari analiendesha kwa ulaini mno. Limeondoka na mimi sijui."

Watu walicheka. Mama aliinamisha paji la uso kwenye usukani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, hadi nilipomsikia.

Lakini tulipokuwa tunavuka uwanja, mimi na yeye tu, babu alininong'oneza, "Saa ngapi?" Nilimwambia inakaribia saa sita. "Iringa ni mbali?" Nilisema mama atafika. Safari hii nilimkalisha mwenyewe, nikakaa karibu naye, na aligonga kwa fimbo yake.

Sijawahi kusafiri tena vile. Kombi ilitetemeka hadi vijiko vikaimba ndani ya kikapu. Misitu ya misonobari ilipita, mashamba ya chai yakapita, Mafinga ikapita bila baba kutaja hata hoteli moja. Babu alikuwa anashika ubavu wa kiti na kutabasamu. Kila tulipolipita lori aliuliza, "Tumelipita?" na nikisema ndiyo, aliguna kwa furaha. Mdogo wangu alianza kuhesabu malori kwa sauti, na babu akamsahihisha aliporuka namba. Mama alisema kupitia pazia, "Muulize babu kama nipunguze mwendo." Babu alisema, "Mwambie sijaona sababu." Alicheka peke yake kwa mzaha huo karibu hadi Ifunda.

Ipogolo, chini ya kilima cha mji wa Iringa, askari alikuwa ameshatoa kizuizi, anakisogeza katikati ya barabara. Alitazama saa, akatazama dirisha la dereva, akatazama tena.

"Kamwene, mama."

"Kamwene."

"Umebakiza dakika sita. Na hilo pazia?"

"Nyuma kuna baba mkwe," mama alisema.

Askari alifikiri kidogo. Akasogeza kizuizi. "Basi panda. Na mzee asikuone ukikimbia hivi."

Babu alipimwa jioni ile, na Jumatatu alipasuliwa jicho la kulia. Wiki nzima alilala chali, kitambaa usoni, mifuko ya mchanga huku na huku ili asigeuze kichwa. Tulikaa kwa bibi mzaa mama, Kihesa, na kila siku nilipanda hospitali na chakula. Baba naye alichechemea pamoja nami, akawahubiria wauguzi habari za karoti. Siku ya kufungua, muuguzi alimvalisha babu miwani mizito ya misheni iliyoyafanya macho yake yawe makubwa kama ya bundi. Alitutazama mmoja mmoja, polepole.

"Huyu hana meno," alisema, akimtazama mdogo wangu. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe umerefuka bila kuniambia."

Baba aliuliza, "Na mimi, baba?"

"Wewe umezeeka."

Mama hakuwemo chumbani. Alikuwa nje, chini ya dirisha, na nilipotoka alinikamata mkono. "Anaona? Au anawafurahisha?" Nilisema anaona. Hakuridhika. Babu alikuwa hodari wa kusikia maporomoko na kubuni urefu wake. Angeweza pia kubuni wajukuu. Siku zilizofuata mama aliniuliza jambo hilo asubuhi na jioni, na nilimweleza yote niliyoyaona, lakini nilijua kwamba taarifa yangu haikumtosha.

Tukiwa njiani kurudi Mbeya, mguu wa baba ukiwa umepona, tulishuka Isimila. Ni korongo ambalo mvua za zamani zimelichonga hadi zimeacha nguzo za udongo mwekundu, ndefu kama minara, na njia nyembamba inayopita katikati yao kwenye mchanga. Baba alikwenda mbele na mdogo wangu kumwonyesha mawe ambayo watu wa kale walichongea zana. Mama alikuwa ametangulia mapema kama kawaida. Mimi na babu tulifuata. Hakutaka fimbo ishikwe. Alikuwa anasimama kila hatua kumi, anashika nguzo, anatazama juu hadi kofia inataka kuanguka.

Kwenye kona moja mama alikuwa anarudi. Alikuwa ameinama anatoa mchanga kwenye kiatu, hajatuona. Njia ilikuwa nyembamba. Hapakuwa na tuta wala kichaka. Nilifungua mdomo nimwambie babu asimame.

Babu alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameacha njia, amegeukia ukuta wa udongo, kofia ameishusha usoni na mkono mmoja ameshika miwani isidondoke. Alikaa hivyo kwa utulivu, mgongo kwa njia, anasubiri.

Mama aliinua kichwa. Kwa mazoea aliruka upande wa pili na kujibandika kwenye nguzo. Njia ikabaki tupu, watu wawili wakiwa wamegeukia kuta mbili, kila mmoja anamngoja mwenzake apite.

Dakika moja ilipita. Mama alinitazama kwa pembeni. "Umemwambia?" aliuliza kwa midomo bila sauti.

Nilitikisa kichwa. Hakuna aliyemwambia.

Mama alimtazama mgongoni mzee yule kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akimtazama. Kisha akaachana na nguzo, akajipangusa vumbi, akafunga khanga yake vizuri. Akapita katikati ya njia. Alipita taratibu, shingo imenyooka, bila kuinama wala kuharakisha, akiwa na tabasamu ambalo alitokomea nalo kwenye kona. Babu hakugeuka hadi nyayo zake zilipopotea mchangani.